Songo Mnara na Nyumba Zisizohesabiwa

Maelezo mafupi yanayoambatana na jina la Songo Mnara katika Orodha ya Urithi wa Dunia yanataja misikiti mitano, kasri, na nyumba 33 hivi za kuishi, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na mbao ndani ya ukuta. Hesabu hiyo imerudiwa mara nyingi mno. Wengine huitilia chumvi: kwamba Songo Mnara ilikuwa makao ya starehe ya masultani wa Kilwa, mahali pa kupunga upepo mbali na zogo la bandari. Mimi siikubali hadithi ya starehe, na hesabu yenyewe naiona pungufu. Imehesabu mawe ikasahau watu. Kwa ushahidi tulio nao leo, Songo Mnara ilikuwa kitongoji cha Kilwa, mahali ambapo mtu aliyeishi kwa riziki ya bandari ile kubwa aliweza kupata kiwanja, akajenga, akalea watoto wake, huku mji ukiwa kilomita kumi hivi kwa njia ya maji.

Habari za asili ya Kilwa zinajulikana. Ali bin Hassan na jahazi lake kutoka Shiraz, kisiwa kilichonunuliwa kwa nguo za kukizunguka chote, dhahabu ya Sofala, msikiti mkuu, jumba la Husuni Kubwa juu ya jabali. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake cha juzuu mbili mwaka 1974, aliuweka mwanzo wa ukoo ule wa Shirazi mwishoni mwa karne ya 12. Watafiti waliokuja baadaye, wakitazama sarafu zilizopatikana Mtambwe Mkuu huko Pemba, wakaurudisha nyuma hadi karne ya 11. Waendelee kushindana. Mimi nataka kuanzia mwaka 1331.

Mwaka huo Ibn Battuta alifika Kilwa, wakati wa Sultan al-Hassan bin Sulaiman, yule aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Aliusifu mji kwa uzuri, kisha akaandika jambo ambalo limewasumbua wasomi tangu hapo: kwamba majengo yake ni ya mti na mapaa yake yameezekwa kwa majani. Wasomi wakashangaa. Mbona msikiti wa mawe ulikuwapo? Mbona Husuni Kubwa ilikuwa imesimama? Pakatolewa majibu ya kila namna, pamoja na kudai kwamba msafiri alichanganya miji, au kwamba mwandishi wake alikosea. Kwa nini tusimwamini? Alitembea mitaani, akaona walikoishi watu wengi, na watu wengi waliishi katika nyumba za miti, fito na udongo chini ya makuti. Majengo ya mawe yalikuwa machache na ya wachache. Mtu aliyelelewa pwani hii haoni la ajabu hapo, kwa sababu hata leo, kuanzia Kilwa Kivinje hadi Lindi, nyumba ya kukandika inakaa ubavuni mwa nyumba ya matofali na hakuna anayeshangaa.

Nalileta jambo hili mbele kwa sababu kosa lilelile lililofanywa juu ya maneno ya Ibn Battuta limefanywa juu ya Songo Mnara.

Magofu yako kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa, yametazamana na maji yanayokwenda Kilwa Kisiwani. Ufuko wake si wa mchanga mweupe wa kwenye picha za watalii. Mashua inaingia kwenye mikoko, na maji yakiwa yamepwa unashuka, unakunja nguo, unatembea kwenye tope hadi nchi kavu. Mji huu ulianzishwa karibu na mwisho wa karne ya 14 na ukaachwa mwanzoni mwa karne ya 16. Umri wake wote, basi, haukuzidi sana karne moja na robo. Kwa kuwa baada ya hapo hakuna aliyejenga juu yake, ramani yake imebaki wazi kuliko ya mji mwingine wowote wa zamani wa Waswahili. Kilwa Kisiwani imejengwa juu ya nyumba zilizojengwa juu ya nyumba. Songo Mnara iko vile ilivyoachwa.

Kwa nini watu wa Kilwa walihamia ng'ambo wakati huo? Vitabu vikubwa husema kwa kifupi kwamba Kilwa ilikuwa na mali, basi ikazaa mji mwingine. Haitoshi. Tazameni hali ya Kilwa yenyewe. Husuni Kubwa, jengo kubwa kuliko yote, ilihamwa muda mfupi tu baada ya kujengwa, na sehemu zake nyingine hazikukamilika kamwe. Msikiti mkuu, uliokuwa umepanuliwa kwa kuba na matao, uliporomoka katika karne ya 14, na kitabu cha historia ya Kilwa kilichoandikwa kwa Kiarabu kinasimulia kwamba watu walisali chini ya mahema na vibanda kwa muda mrefu, hadi ulipojengwa upya katika karne ya 15. Mji uliokuwa na dhahabu ya Sofala ukaishi miaka na miaka bila paa juu ya msikiti wake wa Ijumaa! Na ni katika miaka hiyohiyo, kilomita chache kusini, ambapo Songo Mnara ilikuwa ikijengwa, na misikiti yake.

Naamini mambo haya mawili yanahusiana. Mafundi walikuwapo, chokaa ilikuwapo, fedha ilikuwapo. Kilichokosekana Kilwa ni utulivu wa ukoo wa utawala, na huenda pia nafasi. Watu binafsi, wafanyabiashara na jamaa zao, hawakungoja serikali ipone. Walivuka maji wakajenga kwao.

Gharama ya kujenga ng'ambo inaeleweka ukitazama vifaa vyenyewe. Mawe ya ukuta yalichimbwa pwani, katika jabali la matumbawe lililokufa zamani. Mawe ya fremu za milango na ya vidaka, yale yanayochongwa kwa ustadi, yalikatwa baharini yakiwa bado mabichi, kwa sababu tumbawe bichi ni laini na hukubali patasi, kisha hukauka na kuwa gumu. Chokaa ilipatikana kwa kupanga magogo ya mikoko duara, kurundika matumbawe juu yake, na kuwasha moto. Majivu meupe yanayobaki hutiwa maji, yakaachwa yakae mpaka yaive ndipo yatumike. Boriti za dari nazo ni mikoko, na mikoko imejaa katika mlango wa kila hori hapo Kilwa. Hakuna kilichotoka mbali. Maji ya bamvua yakijaa, mashua yenye mawe na boriti iliweza kuelea hadi karibu kabisa na kiwanja. Anayejenga leo anajua kwamba usafirishaji wa vifaa unaweza kumla mtu kuliko vifaa vyenyewe. Songo Mnara gharama hiyo ilikuwa ndogo, na ardhi ilikuwa tupu.

Ingia katika mojawapo ya nyumba za mawe uone. Unapanda ngazi pana hadi mlangoni, kisha unashuka kwenye ua uliochimbwa chini ya usawa wa sakafu, wenye ngazi pembeni za kukalia. Kutoka hapo vyumba vinafuatana kuelekea ndani, kimoja nyuma ya kingine, virefu na vyembamba. Wembamba huo umetokana na mti: boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi bila kupinda, kwa hiyo chumba cha tajiri na chumba cha asiye tajiri vina upana uleule, tofauti ni idadi tu. Boriti zimeoza zamani. Juu ya kuta yamebaki matundu yake, yamepangwa mstari mmoja, na katika mengine chokaa bado inaonyesha mviringo wa gogo lililokuwa ndani. Simama chini ya matundu hayo uyatazame kwa makini. Unaweza kuona jinsi boriti zilivyokaribiana na unene wa kila mti uliochaguliwa.

Kinachoitwa kasri kimejengwa kwa mpango huohuo. Nyua na vyumba vinafuatana kama katika nyumba nyingine, ila ni vingi zaidi. Peter Garlake, aliyepima majengo ya kale ya pwani yote na kuchapisha michoro yake mwaka 1966, alitufanyia kazi ya thamani kubwa. Bila michoro yake tungekuwa tumepoteza kuta ambazo zimeanguka tangu wakati huo. Lakini msanifu majengo hupima kilichosimama. Ramani za enzi hiyo zinaonyesha vitalu vya mawe, na katikati yake karatasi nyeupe. Karatasi ile nyeupe ndiyo iliyozaa hadithi ya starehe. Msomaji anaona majumba makubwa yenye nafasi tupu baina yake, anawaza bustani, anawaza mabwana wachache wanaotembea jioni.

Kuanzia mwaka 2009 wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, pamoja na wenzao Watanzania, waliiuliza ile karatasi nyeupe. Badala ya kuchimba majumba peke yake, walichimba na kupima nafasi za wazi. Hesabu yao ya majengo ya mawe ikapita ile ya zamani: nyumba zaidi ya 40 na misikiti sita. La muhimu zaidi, kwenye nafasi zilizodhaniwa tupu walikuta nyumba za miti na udongo. Ndani ya ukuta uleule, hatua chache kutoka kwenye ngazi za matajiri, waliishi watu waliokandika kuta zao kwa mikono. Nafasi nyingine zilizokuwa wazi kweli zilikuwa na kazi: makaburi katikati ya mji, ambako walio hai waliwatembelea wafu wao na kuweka vijiwe vyeupe juu ya makaburi, desturi ambayo wazee wengi wa pwani hawahitaji kuelezwa.

Nyumba ya kukandika ikiachwa, mvua mbili tatu za masika zinaanza kuila, paa linaingia ndani, mchwa wanamaliza miti, na baada ya kizazi kimoja linabaki tuta dogo linaloota majani. Chini ya tuta hilo kuna sakafu ya udongo ulioshindiliwa, majivu ya jiko, vigae vya vyungu, shanga. Mtu asiyejua atapita juu yake akielekea kwenye ukuta mzuri wa mawe. Ndivyo wageni wanavyopita mpaka leo.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda zaidi ya wote. Mwaka 2011 zilipatikana fulusi za shaba zaidi ya 300 zilizofukiwa pamoja. Ni fulusi za Kilwa, nyingi zikiwa na majina ya masultani kwa mtindo ule wa maneno yenye vina. Fulusi hizi zilitumika zaidi huku kwetu, Kilwa na visiwa vya jirani, na chache sana zilikwenda mbali. Mfanyabiashara wa dhahabu hakumlipa mwenzake wa Aden kwa shaba. Shaba ni fedha ya ndani: ya samaki, ya mtama, ya kamba, ya kumlipa fundi aliyeshinda kutwa akipaka chokaa. Kijumba cha mapumziko cha sultani hakihitaji fedha ndogo kwa wingi namna hiyo, kwa sababu mtumishi wa sultani anakula jikoni kwa sultani. Mji wenye watu wa hali tofauti wanaouziana na kununuliana ndio unaoihitaji. Na katika nyumba za mawe zenyewe zimepatikana vyombo vya kusokotea pamba. Waliokaa humo walifanya kazi kwa mikono yao, wala hawakuwa wageni wa kupunga upepo.

Kuhusu maisha ya kila siku, anayekaa Kitunda ataelewa upesi kuliko profesa. Kitunda iko ng'ambo ya hori la mto Lukuledi, mkabala na mji wa Lindi. Watu wake wanalima na kuvua upande wao, lakini soko, ofisi na hospitali viko mjini, kwa hiyo maji lazima yavukwe, kwa mashua au kwa pantoni. Kigamboni ilikuwa hivyohivyo kwa Dar es Salaam, watu wakihamia kutafuta kiwanja cha bei nafuu na kuvumilia foleni ya kivuko, hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 2016. Anayeishi ng'ambo anapanga siku yake kwa ratiba ya kivuko. Wa Songo Mnara aliipanga kwa maji kujaa na kupwa, na kwa pepo. Wakati wa kusi, tanga lilimpeleka Kilwa vizuri na kumpa taabu ya kurudi. Wakati wa kaskazi mambo yaligeuka. Wakati wa maji mafu mikoko haikufikika kwa chombo kizito, hivyo mzigo ulingoja bamvua. Hayo ni masharti ya kuishi hapo, na watu waliyakubali kwa zaidi ya miaka mia moja kwa sababu walichopata kiliyazidi: nafasi, kisima, msikiti karibu, na makaburi ya wazee wao katikati ya mji.

Tena kulikuwa na faida ya kuwa mbali kidogo na ikulu. Historia ya Kilwa ya karne ya 15 ni ugomvi mtupu baina ya masultani na maamiri wao. Amiri anamweka sultani, anamwondoa, anamweka mwingine, na jamaa wanauana kwa ajili ya kiti ambacho nguvu zake zimekwisha. Hata kabla ya hapo Kilwa ilikuwa imewahi kuvamiwa na majirani zake wa Shanga, wanaodhaniwa kuwa ndio watu wa Sanje ya Kati, kisiwa kilicho hapo hapo jirani, na mtawala wake akafukuzwa. Mwenye familia na bidhaa ghalani alikuwa na sababu ya kulala ng'ambo. Waandishi wanaosema Songo Mnara ilikuwa dalili ya utajiri wa Kilwa wanasema nusu ya kweli. Kwa maoni yangu ilikuwa pia dalili ya uchovu wa watu kwa siasa za Kilwa.

Lakini kitongoji hakikuwa na bandari yake kubwa, wala biashara yake ya Sofala. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kulipa kodi. Julai 1505 Francisco de Almeida aliishambulia Kilwa, akaiteka na kuipora, akajenga ngome, na kumtawaza Muhammad Ankoni, aliyeuawa mwaka uliofuata. Mwaka 1512 Wareno wenyewe wakaiacha ngome ile. Hapakuwa tena na biashara ya kumvusha mtu kila siku, na Songo Mnara ikaachwa. Sioni dalili kwamba ilichomwa. Kwa mji ulioanzishwa na watu waliofuata riziki, kuhama riziki ilipohama ni jambo la kawaida.

Karne zilizofuata naweza kuzipitia upesi. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa wa kumpatia watumwa 1,000 kwa mwaka. Katika karne ya 19 biashara hiyo ya aibu ikahamia bara, Kilwa Kivinje, ambako baadaye Wajerumani walijenga boma na kumnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga, mwaka 1895. Kisha makao ya wilaya yakahamia Kilwa Masoko. Songo Mnara ilikaa kimya, ikiwa na kijiji cha wavuvi na wakulima ambao mpaka sasa wanavuka maji kwenda Masoko kuuza pweza na samaki na kununua mahitaji ya nyumbani. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yakila pwani na mizizi ikipasua kuta, na mwaka 2014 yakaondolewa humo baada ya kazi nzuri ya ukarabati, ambayo wanakijiji wenyewe walishiriki.

Kazi hiyo ilikuwa ya mawe. Sina kinyongo nayo, kuta zilihitaji kuokolewa na mafundi wa chokaa walipata kazi. Lakini nyumba za udongo hazina kibao, hazina alama, na asiyeonywa anazikanyaga. Mtoto wa Songo Mnara anayelala katika nyumba ya kukandika anafundishwa kwamba mji wa kale kisiwani kwao ulikuwa wa masultani, na ya kwamba nyumba kama ya mama yake haikuwamo. Ilikuwamo, na imechimbwa na kupimwa.

Wanaosimamia magofu hawahitaji fedha nyingi kurekebisha hili. Waandike upya maelezo kwa hesabu ya sasa: misikiti sita, nyumba za mawe zaidi ya 40, na nyumba za miti na udongo baina yake. Wazungushie kamba sehemu zilizochimbwa, waweke kibao cha Kiswahili kabla ya cha Kiingereza. Nanyi vijana wa kisiwani mnaowaongoza wageni, mkitoka kwenye mikoko msiwapeleke moja kwa moja kwenye kasri. Waanzishieni kwenye uwanja wa wazi, muwaonyeshe walipokaa watu.